Mkojo wa Paka Kwenye Gari la Bwana

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja kunichukua kanisani kwa gari lake jipya. Nasema jipya kwa sababu yeye ndiye anayeliita hivyo. Limepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia. Nilipofungua mlango nilirudi nyuma. Paka alikuwa amepitia dirisha lililosahauliwa wazi, akalala humo na kufanya mambo yake yote. Kijana wa watu aliniomba radhi, akatoa kopo la dawa yenye harufu ya maua akapuliza kila pembe, na kuanzia hapo gari likanuka paka aliyealikwa harusini. Nilikaa kiti cha mbele nikacheka mpaka nikafuta machozi. Alinitazama kwa wasiwasi, nadhani alihofia kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimerudi Mpanda, kwenye kota za mgodi, nina pengo la meno ya mbele, na ninamsubiri mama.

Wa rika langu mliokulia kule mnaukumbuka mji ule ulivyokuwa enzi za mgodi: vumbi jekundu, king'ora cha kuwaita watu kazini, treni iliyokuja ikipiga honi huko porini muda mrefu kabla ya kuonekana. Baba yangu alikuwa dereva wa bwana mmoja wa ofisini. Bwana na mkewe walipokwenda kwao Ulaya kwa likizo, walimwachia baba gari lao dogo lenye viti vya ngozi, liegeshwe kwenye banda la bati nyuma ya nyumba yetu, na paka wao dume aitwaye Meja. Gari aliwashe kila asubuhi lisilale. Paka amlishe asikonde. Kisha bwana akasema neno ambalo baba alilirudia kwa kila mtu aliyepita uani: mke wako akirudi kutoka hospitali Tabora, nenda kamchukue stesheni kwa gari hili.

Mama alikuwa ameondoka kwa treni, amelazwa juu ya godoro kwenye behewa, na mimi niliambiwa anaumwa mgongo. Hakuna aliyenieleza kwamba alikuwa mjamzito. Zamani zetu mtoto hakuelezwa mambo hayo. Unaona tumbo, unanyamaza. Wala sikujua kwamba zahanati ya mgodi ilikuwa imeshindwa. Nilichojua ni kwamba nilikuwa na ndugu wawili ambao majina yao yalitajwa nyumbani kwa sauti ya chini, hawajawahi kucheza na mimi, na kwamba mama hakuwa nyumbani. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja kunilea. Alikuwa mwanamke wa mikono mizito na maneno mafupi, ugali wake ulisimama wenyewe, na nywele alinisuka kwa nguvu mpaka macho yakapanda juu.

Kila siku nilimuuliza mama anarudi lini. Mwanzoni alijibu, "Kesho kutwa." Kesho kutwa ikapita, ikaja nyingine, ikapita nayo. Kisha Meja akagundua kwamba kioo cha dirisha moja la gari hakipandi mpaka juu. Akawa anaingia humo kulala, na kwa kuwa alikuwa dume lenye majivuno, akaweka alama kila mahali ili paka wa kota nzima wajue kiti kile ni cha nani. Asubuhi moja baba alifungua mlango, akaufunga, akasimama akiutazama. Harufu ile ilikuwa kali, ya kuchoma puani na kukaa kooni. Nilikuwa pale pale nyuma ya shangazi, nikauliza swali langu la kila siku, na shangazi akaliona jibu limesimama mbele yake na magurudumu manne.

"Mama yako atapandaje gari hili?" akasema. "Si atatapika mpaka nyongo? Likiacha kunuka, atakuja."

Nililiamini neno hilo moja kwa moja. Hatimaye kulikuwa na sababu, na ilikuwa sababu ninayoweza kuinusa. Watu wazima nao wakishapata jibu linalowapumzisha hawaliachi. Baba akiulizwa na mimi, anasema gari bado linanuka. Majirani wakinikuta nimenuna wanasema subiri, mwanangu, gari likauke harufu. Mji mzima, kwa jinsi nilivyoona mimi, ulikuwa unajua kwamba mama yangu amezuiliwa Tabora na mkojo wa paka.

Basi tukaliosha. Shangazi alianza na maji ya moto na sabuni ya mche, akasugua viti mpaka jasho likamtiririka, akafunga milango kuzuia vumbi. Kesho yake harufu ilikuwa imeongezeka maradufu. Maji yalikuwa yameiamsha. Baba akang'oa viti, akavianika juani juu ya mkeka, na mimi nikakaa kando yake kuvilinda dhidi ya kuku. Akamwaga majivu sakafuni, akayafagia. Akaweka mkaa kwenye makarai chini ya viti, maana alisikia mkaa hunywa harufu, na kweli ulikunywa kidogo, lakini ulikunywa taratibu kuliko Meja alivyokuwa anaongeza. Kila nilipoamka nilikimbilia bandani kabla ya kunawa uso, nikaingiza pua kwenye upenyo wa dirisha. Nikirudi, shangazi haulizi kitu, ananitazama usoni tu halafu anachochea moto.

Kwa hiyo vita vikawa vya kumzuia paka mwenyewe. Kumpiga haikuwezekana, maana alikuwa paka wa bwana, na baba alimwogopa kuliko alivyomwogopa bwana. Wakazungushia magurudumu matawi ya miba. Meja akapita juu yake, akaruka kutoka kwenye pipa. Wakaziba dirisha kwa gunia; akalivuta kwa kucha, akalilalia. Shangazi akachoma pilipili kavu ndani ya gari na kufunga milango. Moshi ule uliwatoa nje majirani wa pande zote mbili wakipiga chafya na kutukana, na Meja akapotea mpaka jioni, akarudi ameshiba panya. Mimi nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilimfuata nyuma ya choo nikamweleza kwa upole kwamba yule aliye Tabora ni mama yangu, siyo wake, na kwamba yeye mama yake yuko Ulaya. Alijilamba mguu.

Siku za treni baba alikuwa anakwenda stesheni kumwuliza gadi wa treni, kwa sababu ndugu yetu wa Tabora alituma habari kwa mdomo wa gadi huyo. Kuna siku alirudi, hakuingia ndani, akapitiliza bandani. Chakula kilipoiva shangazi alinituma nimwite. Jua lilikuwa linazama. Nilimkuta ameketi nyuma ya usukani, mikono ameiweka juu yake kana kwamba anaendesha, na machozi yanamtoka mpaka kwenye ndevu. Nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Baba, toka humo, ni pilipili hiyo."

"Ndiyo, mwanangu," akasema, "ni pilipili." Akatoka, akanishika mkono, tukaenda kula. Hakula.

Ndipo babu alipokuja, baba yake mama, kutoka Inyonga. Alikuja na lori la watu wa nta, kibuyu cha asali begani na bonge la nta limefungwa kwenye gome. Babu alikuwa mtu wa mizinga. Maisha yake yote aliyatumia porini akitundika mizinga kwenye miti, na alinuka moshi na asali hata Jumapili. Kwa utani wa babu na mjukuu aliniita mke wake mdogo, akamgeukia shangazi kumlalamikia kwamba amemnyima mkewe chakula. Shangazi, ambaye hakucheka na mtu, akacheka. Baba yeye aliinamisha kichwa. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mno. Huketi naye kiti kimoja, humkatizi neno, na akisema hili ni jeupe, basi ni jeupe. Baba, mtu mzima na akili zake, dereva anayeogopwa na mbuzi wa mji mzima, mbele ya babu alikuwa anaongea kama anayeomba kazi.

Nilimshika babu mkono nikampeleka bandani hata kabla hajanywa maji. Nilimweleza yote: Meja, sabuni, majivu, pilipili, na mama aliyezuiliwa. Alinisikiliza huku ananitazama, na hakusema kwamba nimekosea. Akafungua mlango, akaingiza kichwa, akanusa kwa makini. Akasema mzinga ukiingiwa na panya hautupwi, unafukizwa. Akaomba chungu kibovu.

Alichofanya ndicho alichokuwa akifanya siku zote kwa mizinga yake. Alichoma magome na majani fulani aliyokuja nayo, akakiweka chungu ndani ya gari, akafunga, akaacha moshi ufanye kazi yake mchana mzima. Kesho yake akarudia. Kisha akapasha nta moto kidogo, akaanza kuipaka kwa kiganja: kwenye mbao za milango, chini ya viti, juu kwenye dari, taratibu, akiimba kwa sauti ndogo ule wimbo wa kwao wa kuandaa mzinga. Baba alisimama nje ya banda. Gari la bwana lilikuwa linapakwa nta kama mzinga, lakini anayelipaka alikuwa mkwe, na baba alimeza maneno yake akaenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Na harufu ikaisha. Nasema kweli mbele ya Mungu, iliisha. Niliingiza pua kwenye dirisha nikavuta pumzi, nikapata nta, moshi, na kitu kitamu kwa mbali. Niliingia ndani nikanusa viti kimoja kimoja, nikalala sakafuni nikanusa mazulia. Nikatoka mbio mpaka jikoni.

"Shangazi, halinuki. Mama anakuja lini?"

"Linanuka bado."

"Halinuki. Njoo unuse."

Hakuja. Aligeuka akaanza kupeta mchele ambao ulikuwa umeshapetwa. Nilimtazama mgongo. Nikamfuata baba, naye akasema ana kazi. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke. Wakati gari linanuka nilikuwa na hasira, nilikuwa na adui, nilikuwa na shughuli. Sasa gari lilikuwa safi na mama hayupo, na hakuna mtu aliyetaka kuniangalia machoni. Babu alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Aliketi kando yangu, magoti yakalia, na kwa mara hiyo moja hakuniita mke wake.

"Nyamizi," akasema, "hata mimi namsubiri. Ni mwanangu yule."

Alikaa nami mpaka tukaitwa kula. Hakunidanganya, na nadhani ndiyo sababu nililala usingizi siku hiyo.

Asubuhi banda zima lilikuwa linavuma. Ulikuwa msimu wa miombo kuchanua, nyuki wakihama, na katika kutafuta nyumba walikuwa wamepata kiota cha kifalme: chenye giza, kikavu, kilichofukizwa, kilichopakwa nta na fundi wa Inyonga, na chenye tundu moja dogo juu ya dirisha. Walikuwa wameingia kundi zima. Walining'inia darini juu ya kiti cha dereva, bonge jeusi linalotikisika. Babu alisimama mlangoni mwa banda ameshika kidevu. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi iliyozoea, na kichwa chake hakikukumbuka kuiuliza hii kazi ni ya nani.

Niwaambie mapema ili msihangaike: jioni ile ile, jua lilipopoa, babu aliwatoa kwa moshi na kuwahamishia kwenye kasha la chai, na siku zake za kurudi zilipofika akaondoka nalo kwenda Inyonga amefurahi sana. Meja, aliyekuwa ameumwa na nyuki puani kwa ukaidi wake, hakulikaribia tena gari lile maisha yake yote. Na bwana aliporudi alisema tu gari linanuka kama kanisa, akataka kujua baba ameliombea nini. Kwa hiyo mkitaka dawa ya kumfukuza paka garini, ninayo, lakini siwashauri.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, hakuna aliyecheka isipokuwa mimi. Nilifurahi. Nilitazama lile bonge la nyuki nikahisi kifua kinafunguka, kwa sababu sasa tena kulikuwa na kitu. Mama hawezi kuja, gari lina nyuki. Nilikwenda kumweleza shangazi habari hiyo kwa utulivu wa mtu mzima, naye akaacha mwiko ndani ya sufuria, akanivuta, akanikumbatia kwa ile mikono yake mizito. Hakuwahi kunikumbatia kabla.

Jua lilikuwa limeshapanda alipokuja jirani yetu wa reli kwa baiskeli. Stesheni walikuwa wamepata simu kutoka njiani. Mama alikuwa ndani ya treni ya leo. Alikuwa na mtoto, wa kiume, na wote wawili wazima. Baba alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye vumbi, na suruali yake ya kazi. Shangazi akapiga vigelegele mpaka watu wakatoka nje. Kisha baba akainuka, akakimbilia bandani, akakumbuka, akasimama.

Alimwomba babu awatoe nyuki sasa hivi. Babu akasema haiwezekani, jua kali, watakuwa wakali, wataua mtu, mpaka jioni. Baba akatazama gari, ile ruhusa aliyoitangaza kwa mji mzima, ile safari aliyoiwaza akiwa peke yake kwenye usukani, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho akamwinulia mkwe wake sauti. Alimwambia, "Baba, umeniharibia." Shangazi akaziba mdomo kwa kanga.

Babu hakukasirika. "Nimekosa, mkwe wangu," akasema. "Mikono imezoea mizinga. Nenda kwa baiskeli, umwone mwanangu kwa niaba yangu. Mimi nitakaa na hawa."

Baba alinipakia kwenye bomba la mbele la baiskeli ya jirani, tukaenda kasi ambayo mpaka leo sijui kwa nini hatukuanguka. Njia nzima nilikuwa nalia kimyakimya. Nilikuwa na hakika kwamba treni itakuja, mama atachungulia dirishani, ataona hatukuja na gari, na atabaki ndani ya behewa aende zake kule treni inakokwenda, ingawa reli ilikuwa inaishia pale pale Mpanda na nilijua hivyo. Mtoto mwenye hofu hajali reli inaishia wapi.

Treni ikaingia kwa moshi na kelele. Watu wakashuka na magunia, na mikungu ya ndizi, na kuku. Nilitazama kila mlango. Kisha nikamwona, kwenye behewa la nyuma, amekonda, kanga imemzidi, amebeba kitu kilichofungwa blanketi jeupe la hospitali. Baba alisimama kama aliyepigwa msumari. Mimi ndiye niliyekimbia. Nilimshika miguu kabla hajafika chini, na maneno yote yakanitoka kwa mkupuo: kwamba gari halinuki tena, nimelinusa mwenyewe, ila lina nyuki, lakini babu atawatoa jioni, kwa hiyo asirudi Tabora, akae hapa stesheni asubiri mpaka jioni, tutamletea chakula.

Mama alinitazama, akamtazama baba.

"Gari gani?" akauliza.

Hakuwa amewahi kusikia habari za gari. Hakujua kuhusu Meja, wala sabuni, wala pilipili. Hakujua kwamba alikuwa amekataa kuja. Siku zote zile alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma anapigania roho yake na ya huyu mtoto, na kama kuna mtu angemwambia kwamba mwanawe huku nyumbani anaamini amezuiliwa na harufu ya paka, angeshuka kitandani akaja kwa miguu. Alinieleza hivyo mwenyewe baadaye, nilipokuwa mkubwa, na tulipokuwa tunaweza kuyazungumza yale ya Tabora. Lakini pale stesheni nilisikia maneno mawili tu, gari gani, na kitu kizito kilichokuwa kimenikalia kifuani kikaanguka. Mama yangu hakuwa amekataa. Hakuwahi kukataa hata siku moja.

Baba alikuwa amefika. Alipokea mtoto, akafunua blanketi, akamtazama usoni, akalifunika tena taratibu asije akaingiwa na vumbi. Mama akamgusa shavu, akaona jinsi alivyokonda naye, akaona mikono yake iliyobabuka kwa sabuni na majivu.

"Kwani nyie huku," akauliza, "muda wote huo mlikuwa mnafanya nini?"

Baba akafikiri.

"Tulikuwa tunaosha gari," akasema.

Mama alianza kucheka. Alicheka akishika tumbo maana lilikuwa bado linamuuma, akamwomba baba asimchekeshe, na baba naye akaanza, na mtoto akaamka akalia kwa sauti nzima kabisa, sauti ya mtoto aliyekuja kukaa. Tulikwenda nyumbani kwa miguu. Baba alisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, mama alinishika mimi, na kila alipochoka tulisimama wote, hapakuwa na haraka.